Uzi: Katika Dwarf Fortress, ulinzi ni mlango kabla ya kuwa ukuta (wachezaji wa Tanga, karibuni)

MLETA UZI, Chumbageni

Ndugu zangu, assalaam aleikum, na kwa wengine habari za jioni.

Nimesita muda mrefu kufungua uzi huu kwa sababu sisi tunaocheza Dwarf Fortress, mchezo wa kompyuta wa kujenga ngome, hapa Tanga hatuzidi watu wa kujaza baraza moja, lakini kila tunapokutana mjadala huwa uleule, na kahawa huisha kabla haujafika popote. Mmoja hushikilia kwamba ngome isiyo na jeshi si ngome. Mwingine hujibu kwamba jeshi ni mazishi yanayongoja siku yake. Wa tatu huwa amejifungia chini ya ardhi na kutucheka sote wawili. Nimeona niandike kwa utulivu ninachokiamini baada ya kupoteza ngome nyingi, kisha mnipinge kwa hoja.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, nitasema kidogo tu. Umetengenezwa na ndugu wawili wa Marekani, Tarn Adams na Zach Adams, na toleo lake la kwanza kwa umma lilitoka Agosti 2006. Toleo linalotumia herufi na alama badala ya picha linapatikana bure hadi leo, na lile la kulipia lenye picha lilitoka Desemba 2022. Unapewa vibete saba, mkokoteni mmoja na kipande cha ardhi, kisha unaachwa. Hakuna ushindi. Ngome huishi mpaka ianguke au mpaka mwenyewe uichoke, na ndiyo maana wachezaji wake duniani kote wana msemo kwamba kushindwa ni raha. Sisi watu wa mji wa raha hatuna sababu ya kuukataa.

Sasa hoja yangu. Mchezaji mgeni hujiuliza ukuta wake uwe mnene kiasi gani, ilhali kwa sehemu kubwa ya historia ya mchezo huu ukuta haujawahi kuwa tatizo. Kwa miaka mingi magoblini, yaani viumbe wavamizi ambao ndio adui wakuu wa vibete, hawakuchimba mwamba. Walifuata njia iliyo wazi, na kama hapakuwa na njia walipiga kambi nje wakangoja. Matoleo mapya yanazidi kuwaongezea wavamizi maarifa, kwa hiyo kila mmoja asome maelezo ya toleo analocheza. Hata hivyo, kinachoamua uhai wa ngome kimebaki kuwa mlango: uko wapi, nani anaufunga, unachukua muda gani kufungika, na ni nani anayebaki nje ukishafungika.

Mlango hauwezi kukosekana. Majira ya kuchipua huja wafanyabiashara wa Kielvi, watu wa msituni, kiangazi huja wanadamu, na vuli huja msafara wa vibete wenzetu ukiwa na vitu tunavyovihitaji kuliko vyote. Wahamiaji huingia kwa makundi. Wakata miti wako nje, wachungaji wako nje, na mara nyingi maji safi yako nje pia. Kadiri wakazi wanavyoongezeka na thamani ya mali inavyopanda, ndivyo wavamizi wanavyovutika, maana yake mlango huhitajika zaidi wakati uleule ambao unakuwa wa hatari zaidi.

Nitawapa makosa yangu mawili, kwa kuwa mengine yote ni ndugu wa haya.

La kwanza ni la handaki. Ngome yangu ya tatu niliijenga katika nchi ya baridi kwa sababu ramani ilionesha chuma kingi. Nilichimba handaki upana wa hatua tatu mbele ya lango, nikageuza mto ulijaze, nikaweka daraja la kuinuliwa, nikajiona mhandisi. Mimi ni mtu wa Tanga; barafu naijua ya kwenye glasi ya ukwaju. Majira ya baridi yalipoingia maji yaliganda, na magoblini walivuka juu yake kwa miguu mikavu, wakipita kando ya daraja langu lililoinuliwa kwa heshima zote. Tangu siku hiyo handaki langu huwa kavu na lenye kina, halina tone la maji ndani yake, isipokuwa kama nipo katika nchi ya joto.

La pili ni la wenzo. Daraja huinuliwa kwa wenzo uliounganishwa nalo kwa mitambo, na wenzo hauvutwi na mchezaji, huvutwa na kibete. Mimi nilitoa amri mara tu nilipoona tangazo la kuvamiwa. Kibete aliyepokea kazi hiyo alikuwa tabaka kumi na tano chini ya lango, na alikuwa amelala. Aliamka, akaenda kunywa kwanza, kwa kuwa kibete bila pombe hafanyi kazi sawasawa, kisha akaanza kupanda ngazi. Alipovuta wenzo, ilibidi bado tungoje, kwa sababu siku moja ya mchezo ina mapigo 1,200, yaani vipande vidogo vya muda, na daraja huchukua mapigo 100 kuitikia. Katika muda huo mvamizi anayetembea kwa kawaida hupiga takriban hatua kumi. Goblini aliyekuwa mbele alihitaji hatua sita.

Ndipo nikaanza kuijenga ngome kama nyumba zetu za mawe za pwani zilivyojengwa. Mgeni hafungui mlango akaiona nyumba yote. Kuna daka, ambamo hukaa akapokelewa, na njia ya kuingilia ndani hupinda ili jicho lisifike uwani. Nami siku hizi naweka madaraja mawili, la nje na la ndani, kila moja na wenzo wake, na kati yake chumba kirefu chenye kona. La ndani hubaki limeinuliwa kila wakati wa mashaka. Nyenzo zote mbili ziko katika ukumbi wa kulia, ambako hakukosekani kibete mvivu wa kupokea kazi.

Huo ndio mtindo wangu. Karibuni.

MCHANGIAJI WA PANGANI

Mkuu, nimeisoma hoja yako hadi mwisho na ninakubaliana nayo kiasi kwamba naifikisha pale ambapo wewe umeogopa kuifikisha. Kama mlango ndio udhaifu, basi uondoe. Ninacheza kwa kujifungia tangu mwaka wa pili wa ngome. Ninajenga ukuta wa mawe mahali palipokuwa na lango, bila daraja, bila wenzo, bila kibete wa kumwamsha.

Utaniuliza vibete wanakula nini. Wanakula uyoga unaolimwa chini ya ardhi katika udongo wa kawaida, na uyoga huohuo ndio unaotengenezwa pombe yao. Utaniuliza kuhusu kuni. Ukishafikia pango la kwanza, mbegu za mimea ya chini husambaa na miti ya uyoga huota katika ardhi laini ndani ya ngome yenyewe. Maji yapo mapangoni. Nguo hufumwa kwa nyuzi za mimea ya mapangoni na kwa hariri ya buibui. Kitu pekee ninachokosa ni wafanyabiashara, nao kusema kweli huleta nusu ya msafara wao ukiwa jibini.

Tanga kuna msemo wa waja leo waondoka leo. Magoblini wakija kwangu hawakai. Wanazunguka kilima, hawaoni pa kuingilia, wanaondoka zao.

MLETA UZI, Chumbageni

Kaka wa Pangani, sijaogopa. Nimejifungia mara mbili, na mara zote mbili sikuuawa na aliye nje.

Ufikirie mfano wa jirani zetu. Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Kuta zake zinasimama hadi leo. Kilichowamaliza waliokuwa ndani ni maradhi na njaa zaidi kuliko mizinga, hata siku ya mwisho walipobaki wachache mno ukuta haukuwa na maana yoyote, kwa sababu ukuta unahitaji mtu wa kusimama nyuma yake.

Katika mchezo wetu maradhi ya ngome iliyofungwa ni majonzi. Kibete anayekaa gizani miaka mingi hulisahau jua, na akitoka nje siku moja hutapika. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba kila mmoja ana marafiki, na akifa mmoja marafiki hubeba huzuni. Asiyezikwa kwenye jeneza wala kuchongewa bamba la kumbukumbu hurudi kama kizuka akawasumbua waliobaki. Msongo ukizidi, kibete huvunja samani au humpiga jirani. Jirani akifa, huzuni huongezeka, na mduara huendelea. Ngome iliyo wazi hupata wahamiaji wa kuziba mapengo. Yako haipati.

Kisha umesema maji na mbegu unavipata mapangoni. Basi hujaondoa mlango, umeuhamishia chini. Na wanaobisha hodi huko si magoblini.

MCHANGIAJI WA PANGANI

Hapo umenishika, nakiri. Ngome yangu ya mwisho ilianguka kwa hayawani aliyesahaulika, yaani dubwana la mapangoni, aliyetokea pango la pili, mwenye mwili wa chumvi na pumzi ya vumbi la sumu. Nilikuwa nimeweka mlango wa mbao kwenye ngazi za pangoni. Aliuvunja kama mtu anayefungua pazia.

Hata hivyo sitalihama shauri langu lote. Kwa mtu anayeanza, kujifungia kwa miaka miwili ya mwanzo kunampa nafasi ya kujifunza kilimo, ufundi na hospitali bila kuuawa kila vuli. Baada ya hapo na afungue.

DADA WA MUHEZA

Salaam kwenu nyote. Ninasoma mnavyobishana kama mlango ufungwe haraka au usiwepo, nami nashangaa kwamba hakuna aliyesema uachwe wazi.

Kaka yangu mleta uzi umeeleza vizuri kwamba wavamizi hufuata njia iliyo wazi. Basi hiyo ndiyo kamba ya kuwaongozea. Mimi nina milango miwili. Wa kwanza ni mpana, wa hatua tatu, kwa kuwa mikokoteni ya wafanyabiashara haipiti pembamba kuliko hapo. Njia yake ni fupi na haina mtego hata mmoja, kwa sababu mkokoteni haupiti juu ya mtego. Kuna wachezaji wanaolalamika misimu mitatu mfululizo kwamba wafanyabiashara hufika bila mikokoteni, kumbe wao wenyewe wameifungia njia kwa mitego. Njia hiyo ina daraja moja. Mlango wa pili ni mwembamba, wa hatua moja, na ndani yake kuna ujia unaozungukazunguka kama njia za mapango ya Amboni, hatua mia na zaidi, na kila baada ya kona kuna mtego. Huu wa pili haufungwi.

Siku ya vita ninainua daraja la njia fupi, wala sina haraka nalo, kwa sababu ninaliinua adui akiwa bado mbali kwenye ukingo wa ramani. Yeye akiona njia moja tu imebaki, anaifuata.

Kuhusu mitego yenyewe, niseme kwa kina kidogo, maana watu huichanganya. Mtego wa jiwe ni rahisi, unahitaji mtambo na jiwe, lakini huanguka mara moja na lazima kibete aje aupakie tena. Mtego wa silaha hubeba silaha hadi kumi na hupiga tena na tena, ila huweza kukwama kwa maiti, na hapo ndipo unahitaji mwingine nyuma yake. Mtego wa tundu ndio wa ajabu kuliko yote: humkamata goblini, humkamata troli, humkamata hata joka, akiwa mzima, bila jasho. Kwa sababu hiyo mimi naona ni kama kuiba mtihani, na ninajiwekea mipaka ya matundu sita tu mwishoni mwa ujia, kwa ajili ya mgeni nisiyemtarajia. Wengine watafanya watakavyo.

Mjue pia nani haathiriki na mitego. Wezi wadogo wa Kikobodi huikwepa, na hayawani waliosahaulika huikwepa pia. Kwa wezi ninafunga mbwa kwa minyororo pande mbili za lango, kwa sababu mnyama humgundua anayenyemelea kabla hajapita. Kwa hayawani sina jibu la mtego. Hapo ninamhitaji mtu wa jeshi, naye sijamwona hapa.

MCHANGIAJI WA KOROGWE

Nipo, dada yangu. Nilikuwa ninawangoja mmalize kujificha.

Mwaka 1914 mji wa Tanga haukuwa na ngome ya kuutegemea. Waingereza walileta kikosi cha askari wapatao 8,000 kutoka India, wakashuka upande wa Raskazone tarehe 2 Novemba, na waliokuwa wakiulinda mji chini ya Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck walikuwa kama 1,000 hivi. Walinzi waliletwa kwa reli kutoka upande wa Moshi. Waliwahi, walikuwa na mazoezi, na walijua vichaka. Tarehe 5 waliokuja walirudi melini. Watu huwakumbuka nyuki waliowashambulia askari katika mapigano yale, nami siwanyimi nyuki haki yao, lakini nyuki waliuma pande zote mbili. (Katika mchezo wetu mizinga ya nyuki ipo, ila mimi nimeitumia kwa asali na nta tu.)

Ninachotaka kusema ni kwamba mtego hausogei. Hayawani akitokea chini, mitego yako iliyo juu ni mapambo. Mnyonya damu akiingia pamoja na wahamiaji akiwa na jina la kawaida na kazi ya kawaida, daraja halimjui. Mtu aliyeumwa na mnyama-mtu akageuka mnyama usiku wa mwezi mpevu katikati ya hospitali, ujia wa hatua mia hautamsaidia mgonjwa wa kitanda cha pili. Kikosi pekee ndicho kinachokwenda kwenye tatizo.

Wengi hushindwa na jeshi kwa sababu huliunda siku ya vita. Mimi ninaanza mwaka wa kwanza na vibete wawili wanaofanya mazoezi pamoja, kisha ninakuza hadi kikosi kamili cha kumi. Silaha na mavazi yao ni chuma cha pua, hakuna mjadala. Hicho hakichimbwi: unayeyusha chuma, unageuza sehemu yake kuwa chuma ghafi kwa mawe ya chokaa na makaa, kisha unaunganisha chuma na chuma ghafi kwa chokaa na makaa tena. Mtu wa Tanga hapaswi kuambiwa thamani ya mawe ya chokaa, kwa kuwa mapango ya Amboni yenyewe ni chokaa, na saruji yetu pia inatoka humo. Basi unapochagua ardhi, tafuta chokaa, marumaru au dolomiti kabla hujatafuta dhahabu. Ngome maskini yenye chokaa na chuma itaishi kuliko tajiri isiyo navyo.

Na pinde za mtambo msizidharau. Chonga matundu ya kupigia mishale katika ukuta unaoutazama ujia wa dada wa Muheza, weka wapiga mishale nyuma yake, na hapo mitego na jeshi vinakuwa kitu kimoja. Angalizo ni moja: adui mwenye upinde naye huweza kupiga kupitia matundu hayohayo, hasa akiwa karibu nayo. Yapandishe tabaka moja juu ya ujia na yaweke mbali.

MLETA UZI, Chumbageni

Mkuu wa Korogwe, nimekubali karibu yote. Lakini umewahi kupoteza kikosi chote?

MCHANGIAJI WA KOROGWE

Mara moja. Tangazo la kuvamiwa lilikuja, nikawapeleka kumi langoni. Hawakufika kumi kwa pamoja; walifika mmoja mmoja, kwa kuwa mmoja alikuwa kwenye mazoezi, mwingine anakula, mwingine anafuata soksi yake ghalani. Magoblini thelathini waliwapokea mmoja mmoja vilevile. Siku hizi kikosi ninakikusanya ndani kwanza, nyuma ya daraja la ndani, na sitoi amri ya kushambulia mpaka nimewahesabu.

MLETA UZI, Chumbageni

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Hata jeshi lako, kaka, limeokolewa na daraja la ndani.

Nyongeza kuhusu soksi, maana ni jambo dogo linaloua wengi. Vita vikiisha nusu, uwanja ukiwa umejaa nguo na silaha za waliokufa, vibete wasio askari huona mali isiyo na mwenyewe na hutoka mbio kuikusanya. Nimempoteza sonara wangu bora kwa namna hiyo. Kabla ya kuinua daraja, tengeni eneo la ndani ambalo raia wote wanaamriwa kubaki, na vitu vyote vilivyoanguka nje vipigwe marufuku mpaka mtangaze usalama. Hakuna ukuta utakaomzuia kibete wako mwenyewe kutoka.

MGENI WA UZI

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni mwanafunzi, nacheza toleo la bure kwenye kompyuta ya zamani, na ngome yangu ikifika wakazi mia mchezo unakuwa mzito kiasi cha kushindwa kuendelea. Je, mitindo hii yote inawezekana kwa mtu kama mimi? Na swali la pili: magma, yaani mwamba ulioyeyuka, je? Nimesikia kuna wanaoimwaga juu ya maadui.

MLETA UZI, Chumbageni

Marahaba mdogo wangu. Tengeneza dunia ndogo yenye historia fupi, na katika mipangilio weka kikomo cha wakazi, tuseme hamsini au sitini. Ngome ndogo huvuta wavamizi wachache, kwa hiyo hupotezi uwiano. Chinja mifugo inayozidi, kwa kuwa kila mnyama anayetafuta njia anaila kompyuta yako.

Magma inawezekana na ni tamu kuiangalia. Iko chini sana, chini ya mapango yote matatu, isipokuwa ukichagua ardhi yenye volkano, ambapo huipata juu. Kuipandisha kunahitaji pampu nyingi zinazopokezana, na sehemu zake lazima ziwe za vitu visivyoyeyuka kwa joto lake; chuma kinastahimili, mbao hazistahimili. Ikimwagwa ujiani huunguza waliomo pamoja na nguo zao, na mavazi ya chuma ya magoblini hubaki ukayaokota baadaye kwa ajili ya tanuri. Hatari yake ni majani. Moto ukishika nyika mbele ya lango, utawaunguza wachungaji na wakata miti wako kabla hujajua umeanzia wapi. Mimi huifungia ndani ya mwamba mtupu, mbali na nyasi, au siitumii kabisa.

DADA WA MUHEZA

Mdogo wangu, na mimi nikuongezee jambo moja ambalo hakuna aliyelisema. Majeruhi hanywi pombe. Aliyelala hospitalini hupewa maji tu, na asipopata maji hufa kwa kiu akiwa amezungukwa na mapipa. Kabla ya kujenga mtego hata mmoja, chimba kisima ndani ya daraja la ndani. Na utengeneze sabuni, kwa jivu na mafuta ya wanyama, kwa sababu kidonda kisichosafishwa kwa sabuni huoza. Ngome nyingi hushinda vita kisha zikafia hospitalini.

MCHANGIAJI WA PANGANI

Na wanaoruka? Tumeongea kana kwamba adui wote wana miguu tu.

MLETA UZI, Chumbageni

Kweli. Anayeruka huona handaki na ukuta usio na paa kuwa ni ua wa bustani. Tangu toleo la mwaka 2014 hata wanaotembea huweza kuparamia kuta, hasa zilizojengwa kwa mawe yasiyolainishwa. Kwa hiyo kila uwanja wa wazi ulio ndani ya ngome hauna budi kuwa na paa, na ukuta wa nje uwe laini na uwe na ukingo unaojitokeza juu. Mimi nilikuwa na kisima kizuri kilicho wazi juu ili vibete walione jua. Nilikiziba baada ya kuwa nimezika wanne.

MGENI WA UZI

Nimeelewa, na ninaanza kuchora ramani yangu leo. Limebaki swali moja tu. Mleta uzi amesema nyenzo ziwe ukumbi wa kulia. Lakini ngome yangu ina watu hamsini, na usiku mmoja nilikuta ukumbi ni mtupu kwa sababu wote walikuwa kazini au wamelala. Nani basi anayevuta?

DADA WA MUHEZA

Mnyonya damu.

Sifanyi mzaha. Kaka wa Korogwe amemtaja kama adui asiyejulikana na daraja, na ni kweli. Utamtambua kwa maiti iliyokauka damu na kwa jirani ambaye hakuna aliyewahi kumwona akila wala akinywa. Wengi humuua. Mimi humchimbia chumba kimoja kidogo, ninampa kazi ya kumwita ndani, kisha ninaujenga mlango kwa mawe. Humo kuna nyenzo zote za ngome. Hahitaji chakula, hahitaji kinywaji, hahitaji usingizi, na hawezi kumfikia mtu. Akikosa damu kwa muda mrefu hupungua kasi, lakini wenzo uko hatua moja kutoka alipo.

MLETA UZI, Chumbageni

Dada, hili sikuwa nimelifikiria, na nimelijaribu usiku wa kuamkia leo katika ngome yangu ya sasa. Ninaye mmoja aliyekuwa mtengeneza bia na ameshawaua watatu. Nimemwekea nyenzo tatu, kila moja ya jiwe la rangi yake ili nisikosee: ya daraja la nje ni ya chokaa nyeupe, ya daraja la ndani ni ya jiwe jeusi, na ya njia fupi ya mikokoteni ni ya kijani. Ya magma nimeiacha ukumbini kwa watu wazima wenye akili zao. Magoblini walikuja mwanzoni mwa vuli, msafara ukiwa bado njiani. Niliamuru jeusi, likavutwa papo hapo, kisha nikahesabu mapigo 100 huku mkono ukiwa kwenye kitufe cha kusimamisha mchezo, na daraja likainuka wakiwa bado upande wa pili wa kona. Msafara niliupokea siku nne baadaye. Umeleta jibini.